Je, kutoa saila kunaongeza nguvu ya pikipiki?

Kwenye vituo vya wamotari wa Goma, wengi huamini kuwa pikipiki ya zamani ikitolewa saila, yaani kizuia kelele cha bomba la moshi, hupata nguvu zaidi. Sikio linasema hivyo, na ni kweli mlio huo unashawishi.

Lakini bomba la kiwandani limepimwa pamoja na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Moshi ukitoka kwa urahisi kupita kiasi, mara nyingi mchanganyiko hubaki na petroli kidogo kuliko hewa: injini hupata joto kupita kiasi, na ukiachia gesi unasikia milipuko nyuma. Urefu wa bomba nao hupanga mawimbi ya moshi yanayosaidia injini kupumua, hasa mwendo wa chini, ule wa kubeba abiria na magunia.

Tena Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa pwani huku humwaga petroli nyingi mno. Ndiyo maana wengine hutoa saila, wakaona nafuu kidogo. Kumbe dawa ilikuwa kupunguza petroli.

Jipimie mwenyewe. Panda kilima kilekile, mzigo uleule, ukihesabu sekunde, na saila kisha bila. Halafu injini ikipoa fungua buji, yaani plagi inayotoa cheche, utazame rangi ya ncha yake: kahawia ni sawa, nyeupe petroli haitoshi, nyeusi yenye masizi imezidi. Safisha kichujio cha hewa kwanza, maana vumbi letu la volkano hudanganya vipimo vyote.