Mkwe si jaji: kwa familia za Bukavu zenye binti anayeteswa Marekani

Wazazi kutoka Kadutu na Bagira hufika katika kituo chetu cha msaada wa sheria na shida inayofanana. Binti yao anapigwa na mume wake huko Marekani, na ameambiwa kwamba akifungua mdomo atarudishwa Kongo. Wengi wao wameshamwambia avumilie. Nawaomba sana, jibu hilo tuliache.

Anayeamua kama mhamiaji aondolewe ni serikali, kwa kawaida jaji wa uhamiaji, si mume. Tangu 1994 ipo sheria inayomruhusu mtu aliyeteswa na mume au mke mwenye uraia au ukaaji wa kudumu kujiombea makaratasi mwenyewe, bila sahihi ya mtesaji na bila mtesaji kuarifiwa. Wanaume nao inawalinda. Kesi ya kumwondoa ikiwa imeshafunguliwa, anaweza kumwomba jaji aifute na kumpa ukaaji, kama ameishi huko miaka 3 mfululizo, ana mwenendo mwema, na kuondolewa kwake kungemtesa kupita kiasi yeye, mtoto au mzazi wake. Ukatili si makofi tu. Kufungiwa ndani, kunyang'anywa paspoti, hata hilo tishio la kurudishwa, avoka (wakili) atayapeleka mbele ya jaji. Na mume akimpa talaka, bado ana miaka 2 ya kupeleka ombi hilo la kujiombea mwenyewe.

Mume akiwa naye bado anaomba hifadhi ya ukimbizi, njia hizo hazimfai binti. Hapo avoka ataangalia viza ya U, ya waathirika wa uhalifu wanaosaidia polisi (10,000 kwa mwaka, na foleni ni ndefu), au hifadhi, ambayo kwa kawaida huombwa ndani ya mwaka 1 tangu kuingia nchini.

Kinachonitia hofu zaidi ni barua. Mahakama hutuma tarehe ya kesi kwa anwani iliyo kwenye faili. Binti akikimbia nyumba usiku na watoto, barua inaendelea kufika kwa mume, naye anaweza kuificha. Asipofika mahakamani, jaji anaweza kuamuru aondolewe bila yeye kuwapo. Kwa hiyo akihama tu, ndani ya siku 5 za kazi ajaze fomu EOIR-33 ya kubadilisha anwani. Na kama amri imeshatoka, asijifiche: ana siku 180 za kuomba kesi ifunguliwe upya kwa sababu ya pekee iliyomzuia kufika, na sheria yenyewe inataja kupigwa au kuteswa kikatili kati ya sababu hizo. Ikiwa hakupata taarifa inavyotakiwa na sheria, anaweza kuomba wakati wowote.

Mume naye anaweza kuiandikia serikali kumchafua. Maofisa wamekatazwa kumfungulia mume siri za ombi la binti, na wamekatazwa kuamua kwa maneno ya mume peke yake.

Serikali haimlipii avoka, ingawa mashirika ya misaada yapo. Mkalimani wa Kiswahili mahakamani ni bure. Aombe huyo, asitafsiriwe na shemeji.

Sasa sisi huku. Ujumbe wa WhatsApp aliowatumia akilia, msiufute. Aliyemsikia akipigwa kwenye simu aandike alichosikia na tarehe, aweke sahihi; ni shahidi, hata akiwa Bagira. Tafuteni cheti cha ndoa cha komini na picha za harusi. Kama vilipotea katika kukimbia vita, msikate tamaa, kwa sababu sheria ile ya 1994 inapokea ushahidi wowote wa kuaminika. Kila karatasi ya Kifaransa au Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri.

Na upande wa mkwe wakija na wazee na mbuzi wa upatanisho, wakitaka kujua binti amehamia wapi, wapokeeni kwa heshima, wapeni viti. Anwani msiwape.