Bodi ya washauri wa kisayansi katika kampuni changa ya dawa

Kampuni changa ya dawa kwa kawaida huwa na watu wachache: mwanasayansi mwanzilishi, mtendaji mkuu, mtu wa fedha, na watafiti wawili watatu wa maabara. Kazi iliyo mbele yao huchukua miaka 10 au zaidi, na inadai ujuzi wa kemia, baolojia, sumu za dawa, utengenezaji, takwimu, masharti ya mamlaka za dawa, na ugonjwa wenyewe kama anavyouona daktari wodini. Watu wachache hivyo hawawezi kuyajua yote hayo, na mtaji wao hautoshi kuajiri kila mtaalamu. Hapo ndipo inapoingia bodi ya washauri wa kisayansi: kundi dogo la wataalamu wa nje wanaokutana na kampuni mara chache kwa mwaka, wakapitia data zake na kusema wazi wanachokiona.

Bodi hii isichanganywe na bodi ya wakurugenzi. Wakurugenzi wana mamlaka ya kisheria: wanaweza kumwajiri au kumfukuza mtendaji mkuu, na wanawajibika kwa wenye hisa. Washauri wa kisayansi hawana mamlaka hayo. Wanashauri, kisha uamuzi unabaki kwa kampuni. Isichanganywe pia na kamati ya kufuatilia usalama wa jaribio, ambayo huruhusiwa kuona matokeo ya wagonjwa jaribio likiwa bado linaendelea, wakati kampuni yenyewe haijui nani amepewa dawa na nani plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kiambato cha tiba. Kamati hiyo inapaswa kuwa huru, kwa hiyo mshauri wa kampuni hafai kukaa humo.

Sasa, washauri hufanya nini hasa? Kwa maoni yangu, kazi yao kubwa ni kuuliza swali gumu kabla jibu lake halijawa la gharama. Chukua hatua ya mwanzo kabisa. Kampuni nyingi huzaliwa kutokana na makala ya utafiti inayosema protini fulani ikizuiwa, uvimbe wa saratani unasinyaa. Mwaka 2012 mwanasayansi aliyekuwa akiongoza utafiti wa saratani katika kampuni ya dawa ya Amgen aliandika, pamoja na mwenzake, kwamba timu ya Amgen ilijaribu kurudia matokeo ya makala 53 zilizohesabiwa kuwa za msingi, na ni 6 tu zilizothibitika. Mshauri mzuri anaijua hatari hiyo. Atauliza: matokeo haya yamerudiwa na maabara isiyo yenu? Mmetumia panya wa aina ngapi? Yale majaribio yaliyoshindwa yako wapi? Mwanzilishi aliyeitumikia dhana yake kwa miaka mingi si rahisi ajiulize maswali hayo, na mfanyakazi anayelipwa mshahara naye huenda akasita.

Uzito wa maswali hayo unaonekana vizuri katika kisa cha dawa iliyoitwa TGN1412. Ilikuwa ya TeGenero, kampuni ndogo ya Würzburg, Ujerumani. Ilikuwa kingamwili (protini ya kinga iliyotengenezwa maabara) ya kuamsha seli T za mfumo wa kinga kupitia kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea ishara, kiitwacho CD28, na ilitarajiwa kutibu baridi yabisi na aina moja ya saratani ya damu. Tarehe 13 Machi 2006, katika kitengo cha utafiti ndani ya hospitali ya Northwick Park, London, wanaume wanane wenye afya njema walijitolea kwa jaribio la kwanza. Sita walipewa dawa, wawili plasebo. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile ambayo nyani waliivumilia bila madhara. Watu hao walipewa dawa mmoja baada ya mwingine, kwa kupishana dakika chache tu. Kabla ya saa mbili kupita walianza kuumwa kichwa na mgongo, homa ikapanda, shinikizo la damu likashuka. Wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vikishindwa kufanya kazi. Walinusurika, ingawa mmoja alipoteza vidole vya miguu na sehemu za vidole vya mikono. Kampuni ilifilisika mwaka huohuo.

Jaribio hilo lilikuwa limeidhinishwa na mamlaka, na dozi ilikokotolewa kwa kanuni za wakati ule. Kasoro ilikuwa ndani ya kanuni zenyewe. Baadaye ilibainika kwamba kundi moja la seli T za kumbukumbu (zile zilizowahi kukutana na vijidudu) kwa nyani waliotumika halina CD28, ilhali kwa binadamu linayo. Nyani hawangeweza kutoa onyo. Na kama mtu wa kwanza angepewa dawa peke yake kisha akaangaliwa kwa muda, wengine watano wangeepuka. Baada ya hapo, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2007 ulisisitiza kwamba dawa zenye hatari ya namna hii zianzie kwenye dozi ndogo kabisa inayotarajiwa kuonyesha athari yoyote mwilini, na watu wapewe kwa kupishana muda wa kutosha. Leo, mtaalamu wa kinga aliye kwenye bodi ya kampuni inayotengeneza kingamwili atauliza kuhusu seli za nyani hata kabla hajakaa vizuri kitini.

Wajumbe nao hubadilika kadiri dawa inavyosonga. Mwanzoni wanahitajika zaidi wanakemia na wanabaolojia. Dawa ikikaribia binadamu, wanahitajika mtaalamu wa sumu za dawa, anayejua ni wanyama gani wa kutumia na kwa muda gani, pamoja na madaktari wanaoutibu ugonjwa huo kila siku. Daktari wa aina hiyo ndiye atakayeiambia kampuni kwamba kipimo ilichokichagua kupima nafuu hakina maana kwa mgonjwa, au kwamba wagonjwa inaowatafuta hawapatikani. Ikumbukwe kwamba takriban dawa moja tu kati ya kumi zinazoingia majaribio kwa binadamu ndiyo hufika kuidhinishwa. Ushauri wa kuacha mapema unaokoa fedha, na unawaepusha wagonjwa na dawa isiyowafaa.

Kuna upande mwingine ambao lazima usemwe. Majina makubwa huvutia wawekezaji, na baadhi ya bodi huishia hapo. Theranos, kampuni ya Marekani iliyodai kupima damu kwa tone moja, ilijaza bodi yake ya wakurugenzi watu kama Henry Kissinger na George Shultz, waliowahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje. Hawakuwa wataalamu wa maabara. Bodi ya washauri wa tiba ilitangazwa mwaka 2016, magazeti yakiwa yameshaanza kuhoji teknolojia yake, na mwaka 2018 kampuni ikafungwa. Tofauti yake ni kampuni ya dawa ya Biogen, iliyoanzishwa mwaka 1978 na wanasayansi wakiwemo Walter Gilbert na Phillip Sharp, ambao baadaye wote walipata tuzo ya Nobel; huko wanasayansi walikuwa na sauti ya kweli katika kuchagua miradi.

Suala la malipo pia si dogo. Washauri hulipwa posho, na mara nyingi huahidiwa hisa. Hisa zinamfunga mshauri na kampuni, lakini zinamfanya apate hasara siku atakaposema mradi usimamishwe. Ningependelea posho ya kawaida na hisa kidogo, maslahi yote yakitangazwa mezani. Na mkutano wenyewe uanze na data mbaya, nyaraka zikiwa zimetumwa siku kadhaa kabla, ili muda mwingi ubaki kwa mabishano badala ya kutazama picha kwenye skrini.

Mshauri anayeona hoja yake ya usalama imepuuzwa hana kura ya kuzuia. Anaweza kuomba pingamizi lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kulipeleka kwa wakurugenzi, au kujiuzulu. Kwa hiyo jina likitoweka ghafla kwenye orodha ya washauri wiki chache kabla ya jaribio la kwanza kwa binadamu, mwekezaji makini hupiga simu na kuuliza sababu.