Ufukwe mmoja, maneno manne ya Kiingereza

Kijana anayepeleka wageni kwa boti Kisiwa cha Saanane alituletea tangazo lake la Kiingereza tulipitie. Safari, aliandika, inaanzia "the coast of Mwanza". Sarufi ilikuwa safi. Shida ni kwamba mgeni akilisoma ataanza kutafuta bahari.

Alikuwa amefungua kamusi kwenye "ufukwe", akakuta "coast", "shore", "beach" na "bank" yamepangwa kama mafungu ya dagaa, akaokota la kwanza. Kamusi ya tafsiri ndivyo ilivyo: inakuonyesha maneno yanapokutana, haikuambii yanapoachana.

"Coast" ni la bahari, na hubeba eneo refu la nchi inayopakana nayo. Ndiyo maana Mkoa wa Pwani kwa Kiingereza huitwa Coast. Ziwa lina "shore", iwe mchanga au mawe matupu kama yale ya Capri Point. "Bank" hasa ni ya mto, kwa hiyo Mirongo una zake mbili mpaka unapomwaga maji ziwani. "Beach" haijali ni ziwa au bahari, mradi pawe na mchanga au changarawe, mahali pa kutandika khanga ukaketi.

Hapo mvuvi atatubana: mbona kikundi chetu cha mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, kinaitwa BMU (Beach Management Unit), na B yenyewe ni "beach", wakati mwalo wetu ni matope na utumbo wa samaki? Ana haki. Kwenye shughuli za uvuvi wa ziwa hili "beach" imekuwa neno la kazi, maana yake mwalo. Lakini mwambie hivyo mtu anayetoka Uingereza, atakuja na taulo.

Si ukorofi wa Kiingereza peke yake. Sisi tuna kufa na kufariki. Mzee wa mtaa amefariki, ng'ombe wake amekufa. Atakayesema sangara wamefariki kwenye nyavu atachekwa mwalo mzima wa Kirumba. Kiingereza nacho kilijaa visawe vya namna hiyo baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. "Buy" ni la kale, la nyumbani. "Purchase" lilikuja na Kifaransa, na mpaka leo makazi yake ni zabuni na barua za ofisi. Dagaa wa kula jioni hahitaji "purchase".

Mengine ni mepesi zaidi. Kivuli cha mwembe unachokimbilia jua likiwaka ni "shade". Kile kinachokufuata ukutani ni "shadow". Majeruhi wa ajali ya basi ni "injured". Ukiandika "wounded", msomaji atauliza nani alifyatua risasi.

Wanaofika kwetu tunawaambia waache kuuliza neno lina maana gani kwa Kiswahili, kwa sababu yote manne yatajibu "ufukwe". Waulize linakaa na maneno gani. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza husaidia, hasa ukiruka maelezo ukasoma mifano.

Yule kijana tulimuuliza swali moja tu: mgeni anapandia wapi boti? Akajibu bila kufikiri, gatini. Tangazo sasa linasema "jetty".