Je, wajua kwa nini moshi wa kiwanda unaweza kuua saa nyingi baada ya moto kuzimwa?

Chukulia ghala limeungua Namanve, nje kidogo ya Kampala. Kijana mmoja ameingia mara mbili kuokoa mali. Ametoka anakohoa, amenawa uso, jioni amepanda boda kurudi kwake, amekula na kulala. Saa nane usiku anaamka akihema kama aliyepanda mlima, na anatema povu lenye wekundu wa damu. Hana hata lengelenge moja la moto mwilini. Amepatwa na nini?

Siri iko kwenye unyevu wa koo. Mabomba ya PVC yakiungua hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayoyeyuka upesi sana majini. Ikigusa tu macho na koo inageuka asidi, inawasha vibaya, na mtu anatimua mbio. Mwasho huo ndio unaomwokoa. Dioksidi ya nitrojeni, ambayo nayo huweza kuwamo katika moshi wa kemikali, haiyeyuki kirahisi hivyo. Inapita kooni kimya kimya hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu, na kuziunguza kuta zake nyembamba. Majimaji ya damu yanaanza kuvuja humo pole pole. Baada ya saa kadhaa, pengine siku nzima, mtu anazama akiwa kitandani pake.

Mwaka 1929, katika hospitali ya Cleveland Clinic huko Marekani, filamu za eksirei ziliungua na kutoa gesi za aina hii. Walikufa watu zaidi ya 120, na baadhi yao walikuwa wametoka nje wakionekana wazima.

Sponji ya magodoro ikiungua ina hatari nyingine: gesi za sianidi na kaboni monoksidi. Hizi hazingoji usiku. Kaboni monoksidi hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, tulichokizoea wakati wa korona, hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Kinaweza kusoma asilimia 98 huku mtu anakufa.

Sasa, maziwa. Nimeona watu wazima, wenye nia njema kabisa, wakimnywesha maziwa mtu aliyetoka kwenye moshi ili "yaondoe sumu". Maziwa yanakwenda tumboni, sumu iko mapafuni na kwenye damu. Havikutani. Kinachoniumiza ni kwamba aliyekunywa hujiona ametibiwa, na hospitali haendi.

Aliyevuta moshi wa kiwanda apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema yu mzima, na akae chini ya uangalizi hata kwa siku nzima. Asibebe mizigo, kwa kuwa kazi nzito huzidishia mapafu mzigo. Anayemsindikiza amwambie daktari kilichokuwa kinaungua: sponji, mabomba, rangi, au dawa za shambani.