Habari ya juu sio lazima ndo yenye kura nyingi

Machalii wengi hapa Arusha ukiwauliza watakwambia kwenye mitandao kama Reddit, ambako watu wanatupia habari na wengine wanazipigia kura, habari iliyokaa juu ndo imepigiwa kura nyingi kuliko zote. Sio kweli jamani! Muda nao una uzito, tena mkubwa sana. Kwa ile kanuni ya zamani ya Reddit iliyowekwa wazi, kura 10 za kwanza zinapandisha posti sawa na 90 zinazofuata, halafu kila masaa 12 na nusu yakipita posti ya zamani inatakiwa iwe na kura mara 10 ndo ilingane na mpya, yaani uliyotupia saa 12 asubuhi ikapata kura 1000 inakaa sawa na ya mwenzako wa saa 12 na nusu jioni mwenye 100 tu. Kwa hiyo wale wachache wanaopitia posti mpya mapema ndo wenye nguvu kweli, na hilo watu hawalioni kabisa. Hata Digg, mtandao mwingine wa kupigia habari kura, walidharau wapiga kura wao 2010, wakabadilisha mtandao na kuwapendelea wachapishaji wakubwa, watu wakahamia Reddit kwa makundi.