Je, wajua? Chaza anayefugwa kando ya samaki hali kinyesi chao

Anayefuga tilapia kwenye vizimba vya Ziwa Kivu, awe Goma au Bukavu, hakosi kuulizwa: kinyesi cha samaki wote hao kinakwenda wapi? Huko baharini kuna jibu linalovutia sana. Wafugaji huning'iniza chaza kwenye kamba na vikapu karibu na vizimba vya samaki, na watu husimulia kwamba chaza anakula kinyesi cha samaki, maji yanabaki safi, na mwenye shamba anavuna mara mbili. Mavuno mawili ni kweli yapo. Habari ya kinyesi ndiyo iliyopotoka, na kuinyoosha kunatufundisha mengi hata sisi tulio mbali na bahari.

Chaza, kwa asiyemfahamu, ni mnyama wa baharini mwenye mwili laini ndani ya magamba mawili magumu, jamaa wa kome. Akishajishikiza kwenye mwamba akiwa mdogo, hahami tena maisha yake yote, kwa hiyo chakula lazima kimfuate kwa maji. Anapofungua magamba, vinyweleo vidogo mno kwenye matamvua yake hupiga maji kwa pamoja na kuyavuta ndani. Chembe zinanaswa kwenye ute, kisha sehemu mfano wa midomo huzichambua: zinazofaa humezwa, zisizofaa huviringishwa kwa ute na kutemwa. Maji yakiwa na joto na hali ikiwa nzuri, chaza mmoja mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku, ingawa siku nyingi huchuja pungufu ya hapo. Anachotafuta hasa ni vijimea vya majini, vile visivyoonekana kwa macho ambavyo vikizidi huyapa maji rangi ya kijani.

Sasa tuangalie kinyesi chenyewe. Kinyesi cha samaki na punje za chakula zisizoliwa huzama, sentimita kadhaa kila sekunde, na punje huenda kasi zaidi. Chaza naye ananing'inia karibu na uso wa maji, penye mwanga na vijimea vingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo ule haimfikii kabisa. Vipande vidogo vinavyobaki vikielea anaweza kuvila. Kwenye matangi ya maabara kome wamelishwa vumbi la chakula na la kinyesi cha samaki, wakalimeng'enya vizuri. Lakini tangi halina kina wala mkondo, na bahari inavyo vyote viwili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Uchafu mwingi wa samaki hautoki kwa njia ya kinyesi. Chakula cha vizimbani kina protini nyingi, na protini ina nitrojeni. Zaidi ya nusu ya nitrojeni hiyo haibaki mwilini mwa samaki, na sehemu kubwa ya inayotoka hupitia kwenye matamvua yake ikiwa amonia iliyoyeyuka. Kitu kilichoyeyuka hakina chembe ya kunasa. Chaza angechuja maji hayo kutwa nzima na amonia ingepita tu.

Basi chaza ana faida gani hapo? Mfano ulio karibu nasi ni ng'ombe wa Masisi na shamba la maharage. Hakuna mtu anayekula samadi. Samadi inalisha udongo, udongo unalisha maharage, nasi tunakula maharage. Amonia ya samaki ndiyo samadi, vijimea ndio maharage, na chaza ndiye mlaji. Ila shamba la baharini halitulii. Mwaga samadi kwenye mteremko mkali siku ya mvua: inashuka yote bondeni, na maharage yatakayonenepa ni ya jirani. Baharini hali ndiyo hiyo. Vijimea huhitaji siku nzima, mara nyingi zaidi, ili viongezeke maradufu, huku mkondo wa polepole wa sentimita 10 kwa sekunde ukisafirisha maji zaidi ya kilomita 8 kwa siku moja. Chaza aliyetundikwa mita 20 kutoka kwenye kizimba anakula vijimea vilivyokulia kwingine, na mbolea ya samaki walio jirani yake inakwenda kustawisha vijimea vya mbali. Kwenye ghuba iliyojifunga, ambako maji yanajaa na kupwa bila kuondoka haraka, uhusiano huo hukaza kidogo.

Ndiyo maana majaribio yamepishana. Katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada, kome waliowekwa karibu na vizimba vya samoni walikua haraka kuliko wa mbali. Huko Tasmania, Australia, jaribio la namna hiyohiyo halikuonyesha tofauti ya maana. Naona matokeo yote mawili yanaingia akilini ukishakubali kwamba kinachohesabiwa ni ghuba nzima, wala si kizimba kimoja na kamba ya jirani yake. Wachina wamelitendea kazi wazo hili kwa ukubwa wa kustaajabisha katika Ghuba ya Sanggou, mkoani Shandong: chaza na kombe wakichuja vijimea, na mistari mirefu ya mwani ikifyonza amonia moja kwa moja. Mwani ndio unaoweza kutumia kile samaki anachotoa kwa matamvua, na huo haukumbukwi sana hadithi hii inaposimuliwa.

Tena chaza hasafishi chochote kwa kuchuja tu. Anachokula hujenga mwili wake, na kilichobaki hukitoa, kikaanguka chini. Kwenye matope, pale tabaka lenye oksijeni linapokutana na lisilo nayo, bakteria wanaweza kuigeuza sehemu ya nitrojeni kuwa gesi ya kawaida ya hewani. Lakini chaza wakibanana mno, matope huishiwa oksijeni, yakawa meusi na kunuka. Nitrojeni iliyo mwilini mwa chaza huondoka baharini siku anapotolewa majini. Chaza asiyevunwa atakufa hapohapo na kuirudisha.

Je, chaza angeweza kuletwa Kivu? Hapana. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Maji ya juu ya Kivu yana kama gramu moja, tena nyingi ni bikaboneti za magnesi na sodiamu, mbali na chumvi ya jikoni. Chaza hawezi kuishi humo. Na tilapia wetu mwenyewe ni mla vijimea, kwa hiyo kazi tunayotaka kumpa mgeni tayari ina mwenyewe.

Tunachoweza kuchukua kutoka kwa chaza ni namna ya kuuliza swali: uchafu ulioyeyuka unalisha nini, na ulioganda unazama wapi? Kwa Kivu jibu la pili ni la ajabu. Maji ya juu, hadi mita 60 hivi, ndiyo yanayochanganyika na kupata hewa. Chini ya hapo, hadi karibu mita 485, hakuna oksijeni, na kinachozama huko hurudi polepole mno. Vijidudu vya vilindini hubadilisha mabaki ya viumbe kuwa methani, gesi ileile ambayo mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, umekuwa ukiizalishia umeme tangu 2016. Kinyesi cha tilapia ni chembe ndogo sana kwenye hesabu hiyo. Lakini kizimba kilichofungwa karibu na ufuko, pasipo na kina wala mkondo, hakipeleki kitu vilindini: mzigo wake wote unatua chini yake, unakula oksijeni ambayo samaki wanaihitaji, na amonia inastawisha vijimea mlemle ambamo watu wanachota maji. Kukisogeza mahali penye kina na maji yanayotembea, na kuacha kumwaga chakula mara samaki wanapopunguza kukigombania, kunampunguzia mfugaji wa Kivu tatizo hilo bila chaza hata mmoja.