Madoa ya kung'atwa na mbu: ni nini, na huishaje

Lile doa jeusi linalobaki mguuni baada ya kung'atwa na mbu, kunguni au viroboto, mara nyingi si kovu. Kovu ni ngozi iliyojijenga upya juu ya jeraha, na ukipitisha kidole unalihisi limeinuka au limebonyea. Doa ni rangi tu. Fumba macho uliguse, hutajua lilipo.

Mbu anapofyonza damu huacha mate yake ndani ya ngozi. Mwili huyapinga kwa kumwaga histamini, kemikali yake ya kujihami, ndipo panavimba na kuwasha. Kipele kikiachwa, mara nyingi huisha bila alama ya maana. Kinachoharibu ni kucha. Unakuna, unachubua, panafanya gaga, usiku usingizini unalibandua, unaanza upya. Kila mchubuko huzichochea chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, nazo humwaga rangi kupita kiasi pale palipoumia. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, kwa hiyo madoa yake hukolea zaidi na hukaa zaidi.

Rangi iliyo tabaka la juu hufifia yenyewe, lakini kwa miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Iliyozama chini, ile yenye ukijivu, huweza kuchukua miaka. Basi anayekuuzia krimu ya kufuta madoa kwa siku saba anakula hela yako.

Nyumbani, kazi kubwa ni kutoongeza madoa mapya. Laleni kwenye neti. Kipele kipya kiwekee kitambaa cha maji baridi au losheni ya kalamini. Mtoto humwambii "usijikune" akakusikia, mkate kucha. Doa lililokwisha kutokea likinge na jua kwa nguo ndefu au losheni ya kukinga jua ya SPF 30 kwenda juu, kwa sababu jua hulikoleza. Krimu zenye vitamini C au asidi ya azelaiki husaidia, taratibu. Mafuta ya mgando hayafuti doa, ila hulainisha ngozi na kupunguza hamu ya kukuna.

Limau liache jikoni. Maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi, na huacha baka jeusi kuliko lile ulilotaka kulitoa. Dawa ya meno nayo huchubua tu. Mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua, ndio mbaya kuliko vyote: mara nyingi una zebaki, nayo huumiza figo, au haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, nayo ikipakwa muda mrefu huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi ya kubluu isiyotoka. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, ila madukani bado vimo.

Kipele kikitoa usaha, kikiwa cha moto au kikija na homa, nenda kituo cha afya. Na kama mwasho hukolea usiku, uko katikati ya vidole, na nyumba nzima inajikuna, msimlaumu mbu. Huenda ni upele, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na vidudu vinavyochimba ngozi, na dawa yake hupakwa na watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja.